Muziki wa Kubeba: Kisangani kutoka Likembe hadi Kadi ya Memori

Mji wa Kisangani umejengwa mahali ambapo meli hukoma. Anayepanda mto Kongo kutoka Kinshasa husafiri zaidi ya kilomita 1,700 bila kukutana na maporomoko, mpaka afike chini ya maporomoko ya Boyoma, ambako wavuvi Wagenia bado hutega vikapu vyao vikubwa kwenye miti iliyosimikwa katikati ya maji yanayonguruma. Hapo mizigo hushushwa. Chumvi, vitambaa, mafuta na dawa vimefika hivyo kwa zaidi ya karne moja, na vyombo vya muziki vimefika hivyo hivyo: kwa kuchelewa, kwa bei iliyopanda kila bandari, na mara nyingi vikiwa vimekwisha kuguswa na unyevu. Kwa sababu hiyo, mtu wa Kisangani aliyesimama mbele ya chombo kipya huku cha zamani kikiwa nyumbani amejiuliza mambo mawili kabla ya kuuliza habari ya utamu wa sauti: kitakula nini, na kikifa nani atakifufua. Maswali hayo mawili yameongoza uchaguzi wake tangu kabla ya umeme kujulikana huku.

Sauti kubwa ya kwanza ya eneo hili, lokole, haikuwa ya kubebwa. Ngoma hiyo ya gogo lililochimbwa ilikaa mahali pake kijijini, na ujumbe ndio uliosafiri. John Carrington, mmisionari aliyeishi Yakusu, mtoni chini kidogo ya mji, aliyaeleza maarifa hayo katika kitabu chake cha mwaka 1949: lugha ya Walokele ina toni ya juu na toni ya chini, na midomo miwili ya gogo hutoa toni hizo. Kwa kuwa maneno mengi hufanana kwa toni, mpigaji hurefusha kila neno kuwa fungu la maneno ili msikilizaji asipotee. Lakini mwenye kutaka kuondoka na muziki, kupanda nao mtumbwini au kutembea nao porini, alihitaji kitu kingine.

Kitu hicho kilikuwa likembe. Katika miaka ya 1880 mto ulianza kujaa watu wa mbali. Desemba 1883 Henry Morton Stanley aliweka kituo penye maporomoko. Mwaka 1887 Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar ambaye watu wake walikuwa wametangulia kufika na Kiswahili, alifanywa gavana wa kituo hicho kwa jina la Dola Huru ya Kongo. Kutoka upande wa magharibi walikuja mabaharia, wapagazi na askari wa Force Publique, jeshi la koloni, na mikononi mwao kilikuja kisanduku kidogo cha mbao chenye ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba. Gerhard Kubik, mtafiti wa muziki wa Afrika, ameonyesha jinsi kisanduku hicho kilivyotoka Kongo ya chini na kupanda mto pamoja na watumishi hao wa ukoloni, kikavuka hadi kaskazini-mashariki na kuingia Uganda. Ndiyo kusema kabla ya kampuni yoyote ya Japani au Marekani kufikiri juu ya jambo hili, Kisangani ilikuwa tayari kituo cha njia ya chombo cha muziki kinachoshikika mkononi.

Uchaguzi kati ya cha zamani na kipya ulianzia hapo. Sehemu nyingi za msitu wa Kongo zilikuwa na vinanda vya vidole vyenye ndimi za mianzi. Sauti yake ni ya upole, na ndimi hulegea hewa inapojaa maji. Likembe ya chuma ilishika sauti kwa muda mrefu. Ilikuwa na tundu mgongoni ambalo mpigaji hulifunga na kulifungua kwa kidole ili noti iyumbe, na vipete vidogo kwenye ndimi viliongeza mvumo unaosikika juu ya kelele za kambi. Chuma chenyewe kiliokotwa: misumari, mbavu za miavuli, baadaye spoku za baiskeli. Kwa hiyo kipya kilishinda kwa sababu kilikula taka za dola mpya, na kilipovunjika fundi alikuwa mwenye chombo mwenyewe. Hakuna chombo kilichokuja baadaye mjini hapa kilichojibu maswali yale mawili vizuri kama hicho.

Wakati huo huo, ng'ambo ya bahari, sauti ilikuwa imekwisha kukamatwa. Thomas Edison alitengeneza fonografu mwaka 1877. Miaka kumi baadaye Emile Berliner akaleta gramafoni inayosoma sahani bapa. Mwaka 1914 ilianza kuuzwa gramafoni yenye jina la Decca, inayofungwa kama sanduku la safari, na askari wa Uingereza wakaingia nayo katika mahandaki ya vita. Sanduku la namna hiyo ndilo lililofaa koloni. Liliendeshwa na springi inayozungushwa kwa mkono, bila umeme wala betri. Sahani zilizungushwa mara 78 kwa dakika, kila upande ukibeba dakika tatu hivi. Sindano ya chuma ilipaswa kubadilishwa kila baada ya upande mmoja au pande mbili, la sivyo ililima mfereji na kuula wimbo. Tangu mwaka 1933 mfululizo wa sahani za Kikuba zenye alama ya GV uliuzwa Afrika, na bandari za mto Kongo zikaupokea kama ndugu aliyerudi. Mwaka 1948 Mgiriki Nicolas Jéronimidis alifungua lebo ya Ngoma huko Léopoldville, Kinshasa ya leo, na mwimbaji Wendo Kolosoy akamrekodia wimbo wa Marie-Louise. Sasa mashua zilizopanda hadi Stanleyville, kama mji ulivyoitwa wakati huo, zilileta muziki wa Wakongo wenyewe, kwa Lingala, na sahani hizo ziliuzwa katika maduka ambamo bei ilijadiliwa kwa Kiswahili.

Sahani ya aina hiyo ilitengenezwa kwa utomvu wa shelaki. Ni nzito, na huvunjika ikianguka. Kuisafirisha kilomita 1,700 ni kazi ya kuhesabu hasara. Hilo ndilo lililofanya gramafoni kuwa mali ya wachache, karani, mwenye baa, mfanyabiashara, na lililofanya wimbo mmoja usikilizwe na ua mzima. Chombo kilibebeka, lakini kilibebwa na mtu mmoja kwa niaba ya mtaa.

Mwaka 1952 alipita mtu mwenye mashine ya namna nyingine. Hugh Tracey alizunguka kaskazini mwa Kongo ya Wabelgiji akirekodi ngoma, nyimbo na likembe za watu wa msitu na mto. Rekodi hizo zilihifadhiwa katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954. Jambo hilo likumbukwe, nitalirudia.

Redio ya kubeba ilifungua zama nyingine. Mwaka 1949 huko Rhodesia ya Kaskazini iliuzwa redio ya betri ya bei nafuu kwa Waafrika, ikaitwa Saucepan Special kwa kuwa ganda lake la mviringo lilifanana na sufuria. Lakini bado ilikuwa redio ya taa, yenye betri kubwa kama tofali. Transista, iliyobuniwa Marekani mwaka 1947, ndiyo iliyopunguza ulaji huo. Regency TR-1 ilitoka mwaka 1954, Sony TR-55 mwaka uliofuata, na kufikia wakati wa uhuru chombo hicho kilikuwa kimeanza kuenea barani. Mapema mwaka 1960, mwimbaji Joseph Kabasele na bendi yake ya African Jazz walipokuwa Brussels kwa Mkutano wa Meza Duara uliojadili uhuru wa Kongo, walitunga Indépendance Cha Cha. Patrice Lumumba, kiongozi wa harakati za uhuru aliyekamatwa Stanleyville baada ya ghasia za Oktoba 1959, alifunguliwa ili ahudhurie mkutano huo huo. Wimbo ulirudi nyumbani kwa redio haraka kuliko sahani yoyote ilivyoweza kupanda mto.

Hata hivyo redio ilikuwa na kasoro ambayo msikilizaji wa muziki hakuisamehe: wimbo unachaguliwa na mwingine. Na huyo mwingine angeweza kubadilika usiku mmoja. Tarehe 5 Agosti 1964 waasi wa Simba waliuteka mji pamoja na kituo chake cha redio. Tarehe 24 Novemba askari wa miavuli wa Ubelgiji walishuka. Uasi wa askari ukafuata mwaka 1966 na 1967. Katika miaka hiyo redio ndogo ilikuwa macho ya nyumba, nayo ilisikilizwa kwa sauti ya chini. Muziki wa furaha ulibaki kwenye sahani. Redio haikuiua gramafoni. Ziligawana kazi, moja ikabeba habari na nyingine ikabeba dansi. Sahani nazo zilibadilika: sahani ndogo ya mizunguko 45 ilikuwa nyepesi na haikuvunjika ovyo, lakini upande wake mmoja haukutosha sebene, ile sehemu ndefu ya magitaa ya kuchezea. Wanamuziki wa Kinshasa wakaugawa wimbo, maneno upande wa kwanza, magitaa upande wa pili. Msikilizaji aliyegeuza sahani alikuwa akigeuka kutoka kwenye huzuni kuingia kwenye dansi. Umbo la chombo lilikuwa limeingia ndani ya wimbo.

Kisha ikaja kaseti, na hapa ni lazima kukawia, maana hakuna chombo kilichopendwa na mji huu kama hicho. Philips waliionyesha Berlin mwaka 1963. Iliingia Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, polepole, ikakuta mambo yakiharibika. Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kutaifishwa kwa maduka na mashamba ya wageni, na Wagiriki, Wareno na Wahindi ambao mitandao yao ndiyo iliyoleta bidhaa Kisangani walipoteza biashara zao. Bidhaa zilipoadimika, chombo kinachoweza kujizalisha chenyewe kilikuwa na thamani kuliko chochote. Sahani ilihitaji kiwanda. Kaseti ilihitaji kaseti nyingine na redio yenye milango miwili. Wimbo wa mwanamuziki Franco uitwao Mario, wa mwaka 1985, wenye kuzidi dakika kumi, haukukatwa na mtu. Ulipigwa mfululizo, ukanakiliwa, na nakala ikanakiliwa tena, kila kizazi kikiongeza mvumo wake.

Wanunuzi walizijua aina zake kama wanavyojua aina za mchele. Iliyoandikwa 60 ilikuwa na utepe mnene zaidi, wa maikroni 18 hivi. Ya 90 ulipungua hadi 12. Ya 120 ulikuwa mwembamba wa 9, na katika mashine iliyochoka utepe huo ulivutika au kumezwa. Aliyeishi na joto la hapa alichukua ya 60 kwa nyimbo za kutunza na ya 90 kwa sherehe. Utepe ulipokatika, ganda lilifunguliwa skrubu zake tano, ncha mbili zikaunganishwa kwa gundi ya karatasi, milimita chache za wimbo zikapotea milele. Kurudisha utepe nyuma kwa kalamu ya Bic iliyopenyezwa kwenye jino la kaseti ilikuwa akiba halisi, kwa sababu redio kubwa ilikula betri za R20 sita au nane, na betri ziliuzwa moja moja. Zilizochoka zilianikwa juani, zikarudi na nguvu ya nyimbo mbili tatu.

Walkman ya Sony ilitoka Japani tarehe 1 Julai 1979 kwa yeni 33,000. Watu husahau kwamba ile ya kwanza ilikuwa na matundu mawili ya spika za masikioni, na kitufe cha rangi ya machungwa cha kupunguza sauti ili wasikilizaji wawili waweze kuongea. Wajapani wenyewe walikuwa bado hawaamini kwamba mtu atakubali kusikiliza peke yake. Kisangani ilikuwa na sababu ya kuviona vitu hivyo mapema: mwaka 1982 serikali iliruhusu raia kuchimba na kuuza almasi, maofisi ya wanunuzi yakafunguliwa katikati ya mji, na vijana waliotoka machimboni walirudi na fedha za kununua chochote kilichong'aa. Kwa hesabu ya betri, Walkman ilishinda, kwani ilitosheka na mbili ndogo. Lakini ua ulinyamaza. Hukumu ya mji, kwa jinsi ninavyoielewa, ilikuwa upande wa redio-kaseti iliyobebwa begani: nzito, mlafi wa betri, na yenye sauti inayofika kwa jirani. Aliyemiliki zote mbili alisafiri na moja na kukaa nyumbani na nyingine.

Kaseti ilifanya pia jambo ambalo hakuna chombo kilichotangulia kilicholifanya: iliweka kitufe chekundu cha kurekodi mikononi mwa watu wa kawaida. Mwimbaji Abeti Masikini alizaliwa mji huu mwaka 1954 na mwenzake Koffi Olomide mwaka 1956, lakini sauti zao zilirekodiwa Kinshasa na Ulaya, na Kisangani ikawapokea watoto wake kwa meli kama mizigo mingine. Kwaya za parokia, harusi za mtaa wa Mangobo, matanga ya mtaa wa Kabondo, wazee wa mtaa wa Lubunga waliosimulia asili ya koo zao, hao hawakuwa na lebo. Walikuwa na kaseti.

Diski ya CD, iliyozaliwa mwaka 1982, ilipita mjini hapa bila kuacha alama kubwa. Kichezeshi chake cha kubeba kiliruka kila baiskeli ilipogonga shimo, vumbi lilikipofusha, na fundi hakuweza kuishika miale kwa bisibisi. Tena kilifika wakati mbaya. Baada ya uporaji ulioikumba nchi mwaka 1991 na 1993, waasi wa AFDL waliingia Kisangani Machi 1997. Kisha majeshi ya Rwanda na Uganda yakapigana ndani ya mji huu mwaka 1999 na mara mbili mwaka 2000. Kati ya tarehe 5 na 10 Juni 2000 zaidi ya makombora 6,000 yalianguka kwenye nyumba za watu, na mamia ya raia waliuawa. Mto ulikuwa umefungwa na mstari wa vita. Mji uliishi kwa baiskeli, zile za toleka zilizobeba abiria na mizigo, na kwa vitu vilivyokwisha kuwamo. Kaseti ilidumu miaka hiyo kwa kuwa haikudai chochote kipya. Na redio ikarudia kazi yake ya zamani: Februari 2002 Radio Okapi ilianza kutangaza, na nchi iliyokatwa vipande ikajisikia tena katika sauti moja.

Dunia ilikuwa imekwenda mbali. Jina la MP3 lilitolewa mwaka 1995. Mwaka 1998 Wakorea walileta MPMan. Oktoba 2001 Apple ikaleta iPod, gigabaiti 5, nyimbo 1,000 mfukoni. Wale wa Ulaya na Marekani walianza kubishana kila mwaka ni toleo lipi bora, la zamani lenye diski ya kuzunguka na gurudumu, au jipya, jembamba, lisilo na kitu cha kuzunguka. Kwa Kisangani ubishi huo ulikuwa na mlango uliofungwa: iPod ilidai kompyuta yako mwenyewe, na umeme wa kuiendesha, katika mji unaotegemea bwawa la Tshopo la miaka ya 1950 na mitambo yake iliyochoka. Kilichofungua mlango ni kipande cha plastiki kidogo kuliko ukucha, kadi ya microSD, iliyotokea katikati ya miaka ya 2000. Kompyuta moja barabarani ilitosha mtaa mzima. Kijana aliyeketi nayo chini ya mwavuli alijaza kadi za watu kwa malipo, kama zamani mwenye redio ya milango miwili alivyonakili kaseti. Kadi ikaingia kwenye simu, na katika kile kisanduku cha Kichina chenye spika, redio, tochi na tundu la USB.

Visanduku hivyo ndivyo vilivyo mezani leo katika soko kuu, na uchaguzi wa zamani umerudi kwa sura mpya. Toleo la zamani lina vitufe vinene na betri inayotoka, ile bapa ya BL-5C iliyokuwa ya simu za Nokia, ambayo hupatikana kila kona na hubadilishwa kwa ukucha. Kadi inayozidi gigabaiti 32 mara nyingi huikataa, na nyimbo huzipiga kwa mpangilio zilivyonakiliwa, si kwa majina yake. Toleo jipya lina Bluetooth, taa za rangi na mlio mzito, lakini betri yake imefungiwa ndani. Likichoka linatupwa. Kwa anayekaa mahali umeme unapokuja usiku wa manane na kuondoka alfajiri, mimi nasema achukue la zamani na betri mbili za akiba. Apple waliacha kutengeneza iPod Mei 2022; BL-5C bado inauzwa sokoni kwetu.

Nilikwenda kwa fundi mmoja wa soko hilo na kaseti ya harusi ya dada yangu, ya mwaka 1988. Kipande cha sufu kinachoukandamiza utepe kilikuwa kimeng'oka. Alikata kingine kutoka kaseti ya mahubiri iliyokufa, akakibandika, akazungusha utepe wote kwa mkono kwanza ili usigande, ndipo akaunganisha waya kutoka tundu la spika za masikioni hadi kwenye kompyuta. Sauti ya kwanza ilikuwa ya mvua juu ya mabati. Kisha marehemu mama yetu akamwita mtu aje kula.

Utepe wa sumaku hupoteza unga wake. Uliokaa miaka thelathini kwenye unyevu wa ikweta uko mwishoni mwa maisha yake. Rekodi za Hugh Tracey za mwaka 1952 zilitolewa upya kwenye CD, na leo zinasikika kwenye simu yoyote, wakati kwaya ya Mangobo ya mwaka 1990 haisikiki popote isipokuwa ndani ya sanduku chini ya kitanda cha mtu. Ewe mwenye sanduku hilo, lifungue wiki hii. Iandikie kila kaseti jina la waliomo na mwaka, itafutie fundi angali hai, hamishia sauti kwenye kadi mbili na umpe ndugu yako moja. Na ujipangie siku, kwa sababu kaseti ya dakika 90 huhamishwa kwa dakika 90.